Mama anatoka Tanga, milima ya Colorado iko juu: tuanze na wapi?

"Tunaishi Aurora, jirani na Denver, katika jimbo la Colorado. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, atatutembelea kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Juni akitokea Tanga. Ana presha, anatumia dawa kila siku na imetulia. Nina likizo ya siku nane, na nimeorodhesha Pikes Peak, hifadhi ya Rocky Mountain, vilele vya Maroon Bells, korongo la Black Canyon, Mesa Verde, barabara ya Million Dollar na matuta ya mchanga ya Great Sand Dunes. Nilitaka tuanze na kilele cha Pikes Peak kesho yake baada ya kumpokea, kwa sababu siku hiyo ndiyo nilipata tiketi za treni. Marafiki wananitisha kwamba mtu wa umri wake hawezi kupanda huko. Mama mwenyewe anacheka na kusema amezaliwa Lushoto, milima haimtishi. Mwanangu wa miaka 9 ana afya njema, ila vipimo vya utotoni vilionyesha kwamba anabeba selimundu bila kuugua. Niende wapi, niache wapi, na nianze na nini?"

Ndugu yangu,

Swali lako lina hofu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kwamba mama atadhurika. Ya pili hukuiandika, lakini inasomeka: kwamba mkimlinda kupita kiasi atarudi Tanga akiwa ameiona milima kwa mbali tu. Nikutulize kwanza: mama mwenye presha iliyotulia anaweza kuitembelea milima ya Colorado, na pengine hata kufika kileleni Pikes Peak, iwapo daktari wake hataona kizuizi kingine. Kasoro ya mpango wako haiko katika maeneo uliyoyachagua, iko katika mfuatano wake. Umeyapanga kwa sifa zake na kwa tiketi zilizopatikana, ilhali katika jimbo hili safari ya mgeni anayetoka pwani hupangwa kwa kimo, kuanzia chini kwenda juu. Tiketi hiyo ya treni ibadilisheni tarehe, na ikishindikana, heri hasara ya tiketi.

Kuhusu Lushoto, mpe mama heshima yake, lakini mweleze. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Denver iko mita 1,609, na katika ngazi za jengo la Bunge la jimbo kipo kidato kilichowekewa alama ya kimo hicho, ambacho ni maili moja kamili juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo dakika atakayoshuka kwenye ndege, mama atakuwa tayari amekwisha kupita kimo cha mji alikozaliwa, na mlima wenyewe bado hajaugusa. Isitoshe, mwili hauweki akiba ya mwinuko: mazoea anayoyapata mtu milimani hupotea ndani ya wiki chache baada ya kushuka, na mama ameishi usawa wa bahari kwa miaka mingi.

Marafiki zako nao wamekosea upande wa pili. Umri peke yake haumzuii mtu kupanda. Vijana wenye nguvu huugua sawa na wazee, na mara nyingine zaidi, kwa sababu hukimbilia juu wakidhani mazoezi ya viungo yanawakinga, nayo hayawakingi. Mambo yanayoamua ni kasi ya kupanda, kimo cha mahali pa kulala, na hali ya moyo, mapafu na damu ya mtu.

Utasikia watu wakisema kwamba huko juu oksijeni imekwisha. Haijaisha: ni asilimia 21 ya hewa Tanga, na ni asilimia 21 hiyo hiyo kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ni kama magodoro yaliyopangwa moja juu ya jingine: la chini kabisa limebanwa na uzito wa yote, la juu limefutuka. Ukipanda, kila pumzi inabeba hewa iliyofutuka zaidi, na oksijeni inasukumwa kuingia katika damu kwa nguvu ndogo. Denver mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Katika kilele cha barabara ya Trail Ridge, ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain, ni karibu asilimia 64. Pikes Peak ni kama asilimia 60.

Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kuongeza mapigo ya moyo, na presha nayo hupanda kidogo katika siku za mwanzo. Kupumua haraka huvuruga kemia ya damu, na figo huirekebisha polepole kwa siku kadhaa, ndiyo maana mgeni hukojoa mara kwa mara na kulala usingizi wa kukatika. Kuumwa kwenyewe, yaani kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu, kwa kawaida hakuanzi pale pale juu. Huanza baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi katika usiku wa kwanza wa kulala juu ya mita 2,500. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: mtu hupiga picha kileleni akitabasamu, akaamua kulala huko huko kwa sababu anajisikia vizuri, akaamka usiku wa manane akitapika.

Mfano wa nyumbani utamsaidia mama kuelewa kuliko takwimu zangu. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, kama mita 2,720, na hufika Horombo, kama mita 3,720, siku ya pili kwa miguu. Sehemu ya juu kabisa ya Trail Ridge ina mita 3,713. Ni Horombo ile ile, isipokuwa gari litawafikisha kutoka Aurora kwa takriban saa tatu, mkiwa mmeketi na kusikiliza redio. Gari halichoshi miguu, kwa hiyo hakuna kinachomwonya mtu kwamba amepanda. Waongozaji wa Kilimanjaro hurudia "pole pole" kwa sababu wanaujua mwili, na wana kanuni ya pili inayowafaa zaidi ninyi mnaotembea kwa gari: panda juu, lala chini.

Basi pangeni hivi. Usiku mbili za kwanza mama alale kwenu Aurora. Tofauti ya saa kati ya Tanga na Denver wakati wa kiangazi ni tisa, hivyo kichwa kitamuuma na usingizi utampotea kwa sababu ya safari tu. Mkimpandisha mlimani mapema hamtajua kama anaumwa na uchovu wa ndege au na mwinuko. Msimpe dawa za usingizi kumsaidia, maana baadhi yake hupunguza kasi ya kupumua usiku, wakati mwili unahitaji kuiongeza. Siku ya kwanza mwonyesheni mji wa Denver, pamoja na lile jengo la Bunge, ambalo lina dirisha la kioo cha rangi lenye picha ya Barney Ford, mtu aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1822, akatoroka, akawa mfanyabiashara mkubwa wa Colorado. Siku ya pili nendeni Garden of the Gods, Colorado Springs, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Pako chini ya mita 2,000, hapana kiingilio, na njia yake ya katikati imesakafiwa. Mawe mekundu yamesimama wima kama kuta, na ukimweleza mama kwamba yalikuwa tabaka za mchanga zilizolala, zikasimamishwa na nguvu ile ile iliyoinua milima nyuma yake, atakuwa ameelewa jiolojia ya jimbo zima kabla hajapanda popote.

Siku ya tatu hamieni Estes Park, mita 2,290, mlale hapo usiku mbili. Hifadhi ya Rocky Mountain, iliyoanzishwa mwaka 1915, ndiyo ningeipa nafasi kubwa kuliko zote katika safari yenu. Mchana wa kwanza mpelekeni ziwa la Sprague, ambalo njia yake ni tambarare, inapitika hata kwa kiti cha magurudumu, na mtu anayetembea taratibu huizunguka bila kuhema. Asubuhi inayofuata ndiyo pandeni Trail Ridge. Juu ya mita 3,500 hivi miti hukoma, na mnaingia katika nchi ya mimea inayoishi kwa kulala chini. Msimame mahali palipotengwa, mama ainame kidogo aangalie ua moja la rangi ya waridi, dogo kuliko kucha ya kidole, likiwa limekaa juu ya kifundo cha majani kilichobanana kama mto mdogo wa pini. Kifundo hicho huenda kina umri mkubwa kuliko mjukuu wake, kwa sababu mimea hiyo ina wiki chache tu za kukua kila mwaka, na unyayo mmoja unaweza kuharibu kazi ya miaka mingi. Ndiyo sababu wasimamizi wanasisitiza watu wabaki njiani. Mwishoni mwa Juni mtakuta bado mabaki makubwa ya theluji pembezoni mwa barabara, kwa hiyo chukueni makoti mazito hata kama Aurora kuna joto.

Huko juu mama asilazimishwe kupanda ngazi au vilima ili apate picha. Kipimo rahisi ni mazungumzo: akiweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mwendo unamfaa, akianza kujibu kwa neno moja moja, keti naye. Saa moja au mbili zinatosha, kisha mteremke.

Jambo la saa ni zito kuliko wageni wanavyodhani. Katika miezi ya kiangazi jua la asubuhi hupasha joto miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na mara nyingi kufikia mchana mawingu ya radi yamesimama juu ya vilele. Hali hiyo huzidi Julai na Agosti, unyevu unapoingia kwa wingi kutoka kusini. Juu ya mwisho wa miti mtu ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Kwa hiyo fikeni juu mapema na muwe mmeanza kuteremka kabla ya adhuhuri. Mkisikia ngurumo ingieni garini, fungeni madirisha, na msitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kujikinga chini ya mti uliosimama peke yake ni hatari.

Hifadhi hii, kwa miaka ya karibuni, imekuwa ikidai kibali chenye saa maalumu ya kuingia kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Oktoba, na kibali cha barabara ya Bear Lake, ambako ndiko lilipo ziwa la Sprague, ni tofauti na kile cha sehemu nyingine. Vibali huisha haraka. Tafuteni mtandaoni mapema, na mwulize pia ada ya mgeni asiye mkazi wa Marekani.

Siku ya tano teremkeni, mpumzike nyumbani. Kama mama ana nguvu, ipo sehemu isiyokuwa katika orodha yako ambayo ningependa aione: mji wa Breckenridge, mita 2,926, wenye nyumba ya Barney Ford ya mwaka 1882, ambayo sasa ni makumbusho. Baada ya kuliona dirisha lake Denver, kuingia katika sebule yake kuna uzito, hasa kwa mtoto wa Kiafrika anayekulia Marekani na anayedhani historia ya milima hii ni ya wachimba dhahabu weupe peke yao. Njiani mtapita handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973 kwenye mita 3,400 hivi. Nendeni na kurudi siku hiyo hiyo.

Siku ya sita elekeeni kusini hadi Great Sand Dunes, kama saa nne kutoka kwenu, na mlale Alamosa, ambayo ina kimo sawa na Estes Park. Upepo wa kila siku husukuma mchanga kuvuka bonde la San Luis hadi chini ya milima ya Sangre de Cristo, na pepo za dhoruba zinazoshuka milimani huurudisha. Kwa kubanwa pande zote mbili mchanga hujirundika juu kwa juu, hadi matuta ya zaidi ya mita 200, marefu kuliko yote Amerika Kaskazini. Lakini mchanga huo wakati wa jua kali la kiangazi hufikia nyuzi joto 65 za Selsiasi na huunguza nyayo. Ingieni alfajiri, mtoto acheze, mama aketi chini akitazama, na kabla ya saa nne asubuhi muwe mmeondoka.

Kurudi kwenu kunapita Colorado Springs, na hapo, siku ya saba au ya nane, ndipo Pikes Peak inapofaa. Kilele kina mita 4,302. Treni ya meno, yaani inayopanda kwa gurudumu lenye meno linaloshika reli, kutoka Manitou Springs, ambayo njia yake ilifunguliwa mwaka 1891, huwapa abiria takriban dakika 40 tu juu, na kwa mama huo ufupi ni faida, kwa kuwa atakuwa ameshuka kabla mwili haujapata muda wa kuugua. Hata hivyo treni ina ubaya mmoja: huwezi kuiambia irudi nyuma mgonjwa akizidiwa njiani. Barabara ya gari inawapa uhuru wa kugeuza, ila ina kona kali na mteremko unaochosha breki. Kama mama alikuwa sawa Trail Ridge, ningechagua treni. Kama alisumbuka huko, basi Pikes Peak aiangalie kutoka Garden of the Gods, ambako inaonekana vizuri sana.

Vilivyobaki viacheni. Najua inauma, hasa Mesa Verde, yenye makazi ya mawe yaliyojengwa ndani ya miamba na wahenga wa watu wa Pueblo, wakayahama kabla ya mwaka 1300. Lakini Colorado ni kubwa kuliko Uganda nzima, na Mesa Verde iko takriban saa saba kutoka Denver. Kuingia ndani ya Cliff Palace kwenyewe kunahitaji kupanda ngazi za kuegemeza, ingawa mandhari yake huonekana pia kutoka juu ya korongo. Black Canyon na Maroon Bells nazo zitawaongezea saa nyingi za gari. Million Dollar, kati ya Ouray na Silverton, hupita mita 3,358 kwenye ukingo wa jabali usio na vizuizi sehemu nyingi, na sioni sababu ya kumpitisha hapo mzee aliye katika wiki yake ya kwanza ya mwinuko. Kama tarehe zingeweza kusogezwa, ningewashauri nusu ya pili ya Septemba: radi hupungua, majani ya miti ya aspen hugeuka dhahabu, na madume ya elk, ambao ni jamii ya kulungu wakubwa, hulia mabondeni Estes Park jioni.

Sasa mtoto. Kwa watu wa pwani ya Tanga, ambako malaria imekaa karne nyingi, kubeba selimundu bila kuugua ni jambo la kawaida, na wengi wao hupanda milima bila tatizo. Hata hivyo oksijeni inapopungua, baadhi ya chembe zao nyekundu zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya bandama. Hutokea mara chache, lakini hutokea, na madaktari wasiofikiria selimundu huweza kudhani ni tumbo la kawaida. Mzuieni asikimbie vilimani huko juu, anywe maji, na akilalamika maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, teremkeni papo hapo na kwenda hospitali, mkitaja selimundu kabla ya kuulizwa. Angekuwa na ugonjwa wenyewe, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa, nami nisingeshauri safari hii bila idhini ya daktari wake wa damu. Mama naye, kama hajawahi kupimwa, apimwe.

Mtauziwa pia vikopo vya oksijeni madukani. Vinatoa nafuu ya dakika chache na havimkingi mtu. Maji ni muhimu kwa sababu hewa ni kavu, lakini kunywa lita nyingi hakuzuii ugonjwa wa mwinuko. Dawa inayozuia kweli ipo, inaitwa asetazolamidi, na huanzwa kabla ya kupanda. Kwa kuwa haifai kila mtu na mama tayari ana dawa za presha, msiinunue kwa ushauri wa rafiki.

Kabla ya safari mama amwone daktari wake Tanga, amweleze wazi vimo nilivyotaja, na aulize kuhusu moyo, mapafu, upungufu wa damu na dawa hiyo. Kama presha haijatulia, au ana maumivu ya kifua au anahema akipanda ngazi za kawaida, Trail Ridge na Pikes Peak zifutwe mpaka apimwe. Dawa zake azibebe katika mkoba wa mkononi na cheti chake, na bima ya matibabu ya safari inunuliwe kabla hajaondoka, kwa maana usiku mmoja wa hospitali Marekani unaweza kumaliza akiba ya familia. Hapa chukueni kipimo cha presha, apimwe asubuhi na jioni.

Kichwa kikiuma kidogo, msipande zaidi, kisipotulia, shukeni. Lakini akikosa pumzi akiwa ameketi, akikohoa makohozi yenye povu, midomo ikibadilika rangi, akiyumba anapotembea au akianza kuchanganyikiwa kwa maneno, huo si uchovu na haungojewi mpaka asubuhi. Pigeni 911, na mkiwa mbali na msaada anzeni kuteremka hata kama ni usiku, mkiwaeleza waokoaji mliko na mnakoelekea.